Mwanangu ameniuliza: "Baba, unasali au unasoma tu?"

Mama Mshauri,

Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ni baba wa watoto watatu, naishi Songea, nina miaka 41. Nina mashine ya kusaga na kukoboa, na biashara si mbaya. Naomba jina langu lisitokee kwa sababu mji wenyewe tunafahamiana, na mama mkwe wangu ni msomaji.

Mke wangu alifariki mwishoni mwa Septemba. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na katibu wa jumuiya yetu. Kusema ukweli, Mkatoliki wa nyumba hii alikuwa yeye. Mimi nimebatizwa utotoni, nina kipaimara, tumefunga ndoa kanisani, yote yameandikwa kwenye vitabu vya parokia. Ila Dominika nilikuwa nakaa nje, pale kivulini zinapoegeshwa pikipiki, na wanaume wa aina yangu, mpaka Misa iishe. Zaka alipeleka yeye. Kuungama sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini. Sala ya jioni nyumbani aliongoza yeye, mimi naitikia huku kichwani nahesabu magunia ya wateja.

Alipoanza kuumwa tulisali. Hapo nilisali kweli, Mama. Novena moja ikiisha tunaanza nyingine, jumuiya wakaja, padre akampaka mafuta ya wagonjwa. Akafariki. Tangu siku ile nikisema "Baba Yetu" nasikia ile sauti ya "namba unayopiga haipatikani kwa sasa".

Mwezi wa Rozari ulitukuta bado tuna matanga. Jumuiya inazunguka nyumba kwa nyumba, na zamu yetu ilipofika viti vikapangwa uani, mwenyekiti akasema, "Baba mwenye nyumba atuanzishie." Ilikuwa Ijumaa. Sikujua Ijumaa ni matendo gani. Binti yangu mkubwa, ana miaka 14, akadakia, "Matendo ya uchungu," akaongoza mwanzo hadi mwisho.

Niliona aibu. Kesho yake nikachukua kitabu cha sala cha mke wangu nikaanza kuongoza mwenyewe. Si kwamba nilitaka utakatifu, nilitaka watoto walale. Mdogo wa kike, miaka mitano, alikuwa halali bila sala, analia tu. Majilio yalipoingia akauliza mishumaa iko wapi, kwa sababu mama yake alikuwa anatengeneza shada la majani lenye mishumaa minne. Nikatengeneza. Binti akasema wa Dominika ya tatu lazima uwe wa waridi, nikazunguka mji mzima sikuupata, tukauviringishia mweupe utepe. Krismasi tukajenga pango. Sasa ni Kwaresima, na kila Ijumaa tunasali Njia ya Msalaba sebuleni. Mimi nasoma, wao wanaitikia na kupiga magoti.

Wiki iliyopita tulipomaliza, kijana wangu wa miaka 10 akaniuliza, "Baba, wewe unasali au unasoma tu?" Yuko kwenye mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, na katekista amewafundisha kwamba sala ni kuinua moyo kwa Mungu. Nikamwambia akalale. Hajauliza tena, lakini ananiangalia.

Mama mkwe anaishi kijijini huko Mbinga, kwenye kahawa zao. Krismasi alikuja kwetu. Aliona sikukomunika, akanyamaza mpaka siku ya kuondoka ndipo akasema: "Baba, watoto wa binti yangu hawawezi kukulia kwenye nyumba isiyo na sala." Anataka shule zikifungwa Juni awachukue wahamie kwake moja kwa moja. Shule ipo, kanisa lipo jirani, na yeye Misa ya asubuhi haimpiti. Kaka yangu anasema niwatoe tu, mwanamume hawezi kulea mtoto wa kike wa miaka mitano, halafu mwisho wa yote nitaoa. Binti mkubwa hataki kwenda. Kijana hasemi kitu. Mdogo anampenda sana bibi yake.

Komunyo ya Kwanza itakuwa sikukuu ya Ekaristi, mwezi huo huo wa Juni. Katekista amesema wazazi watakomunika pamoja na watoto wao. Nikibaki kwenye benchi mtoto ataona aibu, na mama mkwe atakuwa amepata ushahidi wake. Nikienda, nitakuwa nimefanya maigizo mbele ya Mungu, kama yupo.

Usiku watoto wakishalala nabaki mezani na kile kitabu. Pembeni mwa kurasa mke wangu ameandika kwa penseli majina ya watu aliokuwa anawaombea, kila siku na watu wake. Jumatatu ni wanafunzi. Jumatano ni wazazi wake. Ijumaa ameandika, "Baba watoto, na mashine." Nayasoma yote, halafu nafunga kitabu. Makaburini sijarudi tangu tumzike.

Je, si unafiki kuwaongoza watoto katika jambo ambalo mwenyewe silisadiki? Niwape bibi yao mwenye imani, wapate kile ambacho mimi sina? Na siku ya Komunyo nifanyeje?

Baba wa Watatu, Songea

*

Milele amina, mwanangu. Na pole sana. Umezika mke, na bado asubuhi lazima uwashe mashine, utafute sare za shule, ukumbuke nani hali nini. Hayo hukuyaandika, lakini najua yapo.

Maswali yako matatu umeyafunga pamoja, moja likilivuta lingine. Unasema huna imani, kwa hiyo sala unayoongoza ni unafiki. Kwa kuwa ni unafiki, heri watoto waende kwa mwenye imani. Na ikifika Juni huna njia ila udanganye au uumbuke. Ukiyapanga hivyo, kweli pa kutokea hapaonekani. Mimi sina uhakika kwamba yanafuatana namna hiyo, kwa hiyo nitayachukua moja moja.

Kwanza huo unafiki. Wanafiki ambao Bwana wetu anawasema katika Injili ya Mathayo, sura ya 6, walisimama kwenye pembe za njia wasali ili watu wawaone. Wewe unasali sebuleni mlango umefungwa, na hofu yako kubwa ni kwamba mtoto wa miaka 10 amekuona. Sidhani ni jambo lile lile. Ulianza ili mtoto wa miaka mitano apate usingizi. Hiyo nia inaweza kuwa ndogo kwako, ila sioni uongo ndani yake.

(Kuhusu mshumaa wa waridi: parokiani kwetu kuna miaka tumeukosa hata kanisani, tukawasha mweupe, na Krismasi ilifika vile vile. Mwambie binti yako nimesema utepe unatosha.)

Sasa nikuulize jambo. Unasema husali, unasoma tu. Halafu unaniambia kwamba usiku, hakuna anayekuona, unakaa na kitabu unasoma majina ya wanafunzi wa marehemu, majina ya wakwe zako, na lako mwenyewe. Sikuambii kwamba hiyo ni sala. Wewe ndiye uliyekaa pale mezani, mimi sikuwepo. Nauliza tu wewe ungeiitaje. Na kabla hujajibu, angalia kwamba unaipima sala kwa kipimo cha marehemu, mtu aliyesali kwa wepesi na kwa moyo wote. Ni kweli kwamba sala ni kuinua moyo kwa Mungu. Maneno hayo ni ya Mtakatifu Yohane wa Damasko, na Katekisimu ya Kanisa imeyachukua. Lakini Katekisimu hiyo hiyo, ikifika mwishoni kabisa, ina sehemu nzima inayoeleza kwamba sala ni mapambano: ukavu, mawazo kutangatanga, moyo kukosa hamu, na lile la kuona hatukusikilizwa. Katekista hajafika huko na watoto wa miaka 10, na ana haki. Wewe ndiko uliko.

Naomba pia usome Marko sura ya 9, habari za yule baba aliyemleta mwanawe mgonjwa. Anapoambiwa kwamba yote yawezekana kwake aaminiye, anapaza sauti: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Hakumwacha mtoto nyumbani mpaka imani yake ikamilike. Alimleta vile vile, na nusu aliyokuwa nayo. Ukitaka maneno makali zaidi yapo katika Zaburi ya 88. Zaburi nyingi za kilio hugeuka mwishoni zikawa za sifa. Hii haigeuki, inaishia gizani. Na Kanisa limeiweka katika Sala ya kabla ya kulala ya siku ya Ijumaa, karibu kila wiki, hata katika kipindi cha Pasaka. Kwa hiyo mtu asiyesikia jibu ana sala yake humo humo ndani ya Kanisa, hahitaji kutoka nje akae kwenye pikipiki.

Lakini nisikudanganye kwa upande mwingine. Wapo watakaokuambia huu ni ukavu tu wa kiroho, ule uliowapata watakatifu, na Mama Teresa wa Kolkata barua zake zilizochapishwa mwaka 2007 zilionyesha aliishi nao miaka mingi. Inawezekana. Inawezekana pia ni msiba unaozungumza, maana moyo uliofiwa huwa haupokei kitu, si Mungu tu, hata chakula. Na inawezekana kweli imani yako ilikuwa ya kuegemea kwa mkeo, na sasa unatafuta kama chini yake kulikuwa na ya kwako. Kwa barua moja siwezi kujua ni lipi. Wala wewe huhitaji kuamua kabla ya Pasaka.

Kuna neno ulilipita haraka: "Hapo nilisali kweli." Yaani mara moja ulipopiga magoti kwa moyo wote, ulichoomba hukupewa. Sitakueleza sababu. Msibani wamekuambia wengi kwamba Mungu ana mpango wake, nami naona mtu aliyefiwa ana haki ya kutoambiwa tena. Ninachouliza ni kama hasira hiyo umewahi kuisema mahali popote, kwa padre, kwa rafiki, kwa Mungu mwenyewe kwa sauti, ukiwa peke yako mashineni pale kelele zinapozidi. Hasira isiyosemwa huwa inachukua sura ya kutoamini, na mtu akazichanganya mbili hizo kwa miaka.

Nije kwa kijana wako. Aliuliza swali kubwa akaambiwa akalale. Ukiliacha lipite, yawezekana litapita. Hatari yake ni kwamba atajijibu mwenyewe, na jibu la mtoto wa miaka 10 aliyefiwa na mama huwa kali: kwamba sala ni maneno ya wakubwa, au mbaya zaidi, kwamba amekukosea kuuliza. Unaweza pia kumwambia yote, kwamba hujui kama Mungu yupo. Huo ni ukweli, lakini umpime mabega. Amempoteza mama, anajiandaa kupokea Komunyo, na umtwishe tena shaka ya baba? Katikati ya hayo mawili kuna ukweli mdogo wa kumtosha. Pengine kama hivi: "Swali lako ni zuri. Kuna siku nasali, kuna siku nasoma tu. Siku ile nilisoma tu. Nasoma kwa sababu nataka tuwe pamoja jioni kama alivyotuzoeza mama." Wewe utapata maneno yako. Hilo nalo lina gharama, maana atauliza zaidi, na huenda akamwambia bibi.

Tena si lazima sala ya jioni ibebwe na wewe peke yako wala iwe ndefu kama ya marehemu. Papa Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2016 juu ya upendo katika familia, aliandika kwamba dakika chache kwa siku zinatosha kukaa pamoja mbele ya Mungu, kumweleza yanayotuhangaisha, kumwombea mwenye shida, kushukuru. Kijana asome somo, mdogo achague wimbo, wewe ufunge kwa Baba Yetu. Mwone mtakavyokuwa.

Kuna kitu nimekiona katika namna mlivyoupitia mwaka wa Kanisa tangu Oktoba. Rozari, shada la Majilio, pango, Njia ya Msalaba: kila kipindi kimekuja kwenu kama "mama yenu alifanya hivi." Mwaka wa kwanza wa msiba ndivyo ulivyo, mnatembea katika nyayo zake, na ni heshima kwake. Jiandae tu kwamba Pasaka itakuwa ngumu kuliko Kwaresima. Kwaresima mwenye huzuni anaenea vizuri, kila kitu ni zambarau na hakuna anayeshangaa ukinyamaza. Kisha zinakuja siku 50 za Aleluya, Malaika wa Bwana inaachwa na kuimbwa Malkia wa Mbingu Furahi, watu wamevaa nyeupe, na ninyi nyumbani kiti kimoja kitupu. Msishangae mkilia siku hiyo.

Najiuliza hata hivyo kama ipo siku katika kalenda hii ambayo ingeweza kuwa yako. Mtakatifu Yosefu ana sikukuu tarehe 19 Machi, ndani ya Kwaresima, na nyingine tarehe 1 Mei kama mfanyakazi, aliyoiweka Papa Pius XII mwaka 1955. Katika Injili zote nne Yosefu hasemi hata neno moja. Anaamka, anambeba mtoto, anasafiri, anafanya kazi. Na wewe una mashine. Mizani yako ikisema kweli, mjane akija na kibaba cha mahindi ukamsagia bila kumtoza, ukiifunga Dominika wakati jirani yako anasaga, watoto wanaona. Sisemi hayo yanachukua nafasi ya Misa. Sisi Wakatoliki hatufundishi hivyo. Nasema tu kwamba umeandika barua ndefu juu ya imani na mashine umeitaja kwa ajili ya kuhesabu magunia, kumbe marehemu aliiweka kwenye kitabu cha sala pamoja na jina lako.

Sasa watoto na bibi yao, na hapa naomba nikusimulie kidogo. Huko Ufaransa, katika mji wa Alençon, tarehe 28 Agosti 1877, fundi saa mmoja aliyeitwa Louis Martin alifiwa na mkewe Zélie, mama aliyeendesha biashara ya kutengeneza lesi, kwa saratani ya titi. Alibaki na mabinti watano, mkubwa miaka 17, mdogo minne. Ndugu wa Zélie aliishi mji mwingine, Lisieux. Louis hakuwatoa watoto, wala hakukaa mbali na wakwe. Novemba ile ile aliacha mji wake aliouzoea akahamia Lisieux na watoto wote, wakawa karibu na mjomba na mke wa mjomba. Yule mdogo ndiye tunayemwita leo Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, na wazazi wenyewe walitangazwa watakatifu pamoja tarehe 18 Oktoba 2015. Najua utasema yeye alikuwa mtu wa sala, na kweli alikuwa. Simleti ili ujilinganishe naye. Namleta kwa sababu kaka yako anasema mwanamume hawezi, na kwa sababu kati ya "wabaki kwangu" na "waende kwake" palikuwa na njia ambayo wewe hujaitaja.

Habari hiyo ina upande wa pili ambao hausimuliwi sana. Siku za msiba, Teresia alimchagua dada yake Pauline awe mama yake. Miaka mitano baadaye, mwaka 1882, Pauline akaingia utawa, na mtoto, aliyekuwa na miaka tisa, miezi michache baadaye akaugua vibaya. Alikuwa amefiwa na mama mara ya pili. Hapo namfikiria binti yako wa miaka 14. Katika barua yako nimemwona akiongoza Rozari, akijua rangi za mishumaa, akikataa kuondoka. Sikumwona akilia, wala akicheza. Je, hataki kwenda Mbinga kwa sababu hapo ni nyumbani, au kwa sababu anaona akiondoka wewe utaanguka? Mtafutie muda, wawili tu, umsikilize. Ukibaki na watoto bila mama mwingine wa kusaidia, shangazi, jirani, mtu wa jumuiya, mama wa nyumba atakuwa yeye bila kuombwa.

Na mama mkwe. Alisema neno lililokuchoma, nami sitalitetea. Lakini yule ni mama aliyezika binti yake. Akiwaangalia watoto hao anaona pua ya binti yake, anasikia kicheko chake. Yawezekana anachokiomba kwa jina la sala ni kubaki na kitu cha mwanawe. Tena nyumba yenu aliiona siku za Krismasi tu, akaona mtu ambaye hakukomunika. Njia ya Msalaba ya Ijumaa sebuleni ameiona? Utepe kwenye mshumaa je?

Mkiwahamisha moja kwa moja, watapata Misa, hewa ya kijijini na upendo wa bibi, ila watakuwa wamefiwa na mama na kuachana na baba ndani ya mwaka mmoja, na wewe utabaki na nyumba tupu. Mkimpeleka mdogo peke yake, itaonekana ni nafuu, lakini mtakuwa mmemtenganisha na ndugu zake, na hao ndio wanaomkumbusha mama. Wakibaki bila mpango, mzigo utamwangukia binti. Wakienda likizo zote na bibi akaja kwenu vipindi fulani, itagharimu nauli na subira, hasa ya wewe kuishi na macho yake. Ungemwalika Juma Kuu hili akae nanyi, aongoze yeye sala siku mbili tatu, umwone naye anapumua. Au usimwalike kama unaona bado jeraha ni bichi. Ninachokuomba usisahau ni kwamba siku ya ubatizo wa kila mtoto Kanisa lilimbariki baba pia, likaomba wazazi wote wawili wawe walimu wa kwanza wa imani ya mtoto wao. Halikuweka sharti kwamba lazima uwe bingwa.

Iliyobaki ni Juni, na hapa nikanyage taratibu kwa kuwa si mimi wa kuamua dhamiri yako. Kanisa linamtaka anayejua ana dhambi kubwa aungame kwanza ndipo akomunike, na wewe mwenyewe umeona kwamba kwenda hivi hivi ni maigizo. Huko kusita kwako nakuheshimu nako. Mtu asiyejali angeenda tu. Lakini usidhani shaka peke yake ni mlango uliofungwa: Katekisimu, namba 2088, inatofautisha anayekataa kusadiki kwa makusudi na yule anayesitasita, anayeshindwa kuyavuka maswali yake. Wa pili anaweza kwenda kitubio na maswali yake mkononi, akamwambia padre, "Sijui kama nasadiki." Mapadre wamesikia hayo. Hatari ni kufanya hivyo kwa ajili ya mama mkwe. Ukiona ndiyo sababu pekee, mwambie padre hilo nalo.

Ukibaki bila kukomunika, si lazima ubaki kwenye benchi. Katika parokia nyingi mzazi husindikiza mtoto mpaka mbele, mikono ameikunja kifuani, akapewa baraka. Muulize katekista kama kwenu inawezekana, na mwandae kijana mapema asishtuke. Aibu ya mtoto mara nyingi hutokana na kushtukizwa.

Kama kuonana na paroko wako ni kugumu kwa sababu kila mtu kwenye foleni ya kitubio anakujua, Peramiho si mbali na hapo. Watawa Wabenediktini wako pale tangu 1898, na zaburi wanaziimba kila siku, ziwe tamu ziwe chungu. Unaweza kwenda siku ya kazi, ukakaa nyuma, usiseme lolote. Ukitaka kuzungumza na padre utampata.

Kaburini usijilazimishe. Wengine huenda kabla ya Pasaka kusafisha, wengine hungoja tarehe 2 Novemba waende na wenzao. Huenda watoto wanataka kwenda na wanakuogopa kukuuliza. Na kama usingizi umekata kabisa, au pombe imeanza kuwa dawa, au unajisikia huoni sababu ya kuamka, hilo usilifanye la sala peke yake. Nenda hospitali useme, na afisa ustawi wa jamii yupo kwa ajili ya mambo kama haya.

Katekista mwone mapema. Baada ya Pasaka wakianza mazoezi ya Komunyo ya Kwanza hatakuwa na nafasi ya kukusikiliza, na kijana wako apewe habari na wewe, si na wenzake darasani.